Popo wanaozizima: jinsi baridi inavyolaza kinga ya mwili na joto linavyoiamsha

Popo ni jirani wa watu wengi katika makazi ya wakimbizi na katika vijiji vinavyoyazunguka. Wanakaa kwenye dari za shule na makanisa, kwenye miembe, kwenye mapango na kwenye mashimo ya migodi iliyoachwa. Baadhi yetu tunawaogopa kwa sababu ya magonjwa kama Marburg. Wengine wanawala. Wengine wanaona dawa ni kuwachoma moto wote waishe.

Makala hii inaeleza jambo moja ambalo wanasayansi wamelichunguza kwa miaka mingi: joto la mwili wa popo linapanda na kushuka kuliko la wanyama wengi, na chembe za damu zinazopigana na magonjwa hufuata joto hilo. Tutaanza na popo wa nchi za baridi, ambako jambo hili linaonekana wazi zaidi. Kisha tutarudi kwa popo wa huku kwetu, na mwisho kwa mwili wa binadamu, hasa mtoto mchanga.

Mambo makuu kwa ufupi

- Popo wa nchi za baridi huzizima wakati wa baridi kali. Joto la mwili wao hushuka kutoka karibu nyuzi 37 hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri.
- Mwili ukipoa hivyo, chembe nyeupe za damu karibu zote hutoka kwenye mzunguko wa damu. Mwili ukipata joto tena, hurudi baada ya muda mfupi.
- Kuvu mmoja anayependa baridi ametumia nafasi hiyo kuua mamilioni ya popo Amerika ya Kaskazini. Kuvu huyo haambukizi watu.
- Popo wa Afrika Mashariki hawalali miezi mingi namna hiyo. Lakini baadhi yao hubeba virusi hatari, na kuwaua au kuwafukuza kumewahi kuongeza hatari badala ya kuipunguza.
- Kwa binadamu, mwili kupoa ni dalili ya hatari. Mtoto mchanga mwenye mwili wa baridi apelekwe kituo cha afya haraka, sawa na mwenye homa.

Popo gani wanazizima?

Popo wako zaidi ya aina 1,400 duniani. Wengi wanaishi nchi za joto, ambako matunda au wadudu hupatikana karibu mwaka mzima. Katika nchi kama Kanada, Marekani, Ujerumani na Uholanzi, wadudu hutoweka wakati wa theluji. Popo anayekula wadudu hana chakula kwa miezi mitano, sita au zaidi.

Ndege wengi wa huko huhamia kusini. Baadhi ya popo pia huhama, lakini wengi huingia kwenye mapango, migodi ya zamani, mahandaki au nyufa za miamba, mahali penye unyevu ambapo hali ya hewa haibadilikibadiliki. Hujining'iniza hapo na kuzizima. Kabla ya hapo, wakati wa majira ya kupukutika majani, hula sana ili kujiwekea mafuta mwilini. Mafuta hayo ndiyo akiba yao yote mpaka majira ya kuchipua.

Aina mbili zimechunguzwa sana. Ya kwanza ni popo mdogo wa kahawia wa Amerika ya Kaskazini, mwenye jina la kisayansi Myotis lucifugus. Uzito wake ni gramu saba hadi kumi hivi, kiasi cha sarafu moja au mbili mkononi. Ya pili ni Myotis myotis wa Ulaya, ambaye ni mkubwa zaidi.

Kuzizima ni nini?

Kuzizima si usingizi wa kawaida. Mtu akilala, mwili wake hubaki na joto na moyo huendelea kupiga vizuri. Popo anapozizima, anaacha kabisa kutumia nguvu kujipasha joto. Mwili wake unapoa mpaka unakaribia ubaridi wa pango lenyewe, mara nyingi kati ya nyuzi 2 na 10.

Moyo wa popo mdogo wa kahawia hupiga mamia ya mapigo kwa dakika anapokuwa macho, na zaidi sana anaporuka. Akizizima, hushuka hadi mapigo kumi au ishirini hivi. Kupumua nako hupungua: anaweza kukaa dakika nyingi bila kuvuta pumzi. Mtu asiyejua akimgusa atadhani ni mzoga.

Lakini popo hawazizimi miezi yote mfululizo. Kila baada ya siku kadhaa au wiki mbili tatu, mnyama huamka. Anachoma mafuta yake, hasa mafuta ya kahawia yaliyo mgongoni katikati ya mabega, na mwili unarudi kwenye joto la kawaida. Anakaa macho saa chache, pengine anakunywa maji au anajisafisha, kisha anazizima tena. Saa hizo chache ni ghali sana: sehemu kubwa ya mafuta yote ya msimu hutumika katika kuamka huku. Kwa hiyo popo anayeamka mara nyingi kupita kiasi anaweza kufa njaa kabla theluji haijayeyuka. Weka hilo akilini, maana ndilo kiini cha ugonjwa tutakaoueleza mbele.

Chembe za kinga huenda wapi mwili ukipoa?

Damu ina chembe nyekundu zinazobeba hewa, na chembe nyeupe zinazolinda mwili. Chembe nyeupe ziko za aina nyingi, ila mbili zinatosha kwa makala hii:

- Nutrofili. Hizi ndizo za kwanza kufika kwenye jeraha au kwenye vijidudu. Humeza vijidudu na kuviua. Usaha wa kidonda kwa sehemu kubwa ni nutrofili zilizokufa kazini.
- Limfosaiti. Hizi hutambua adui mmoja mmoja na kumkumbuka. Baadhi yake hutengeneza kingamwili. Chanjo tunazochoma watoto hufanya kazi kwa kuzifundisha chembe hizi.

Wanyama wanapozizima, chembe nyeupe katika damu hupungua kwa karibu asilimia 90. Kwa muda mrefu watu walijiuliza kama zimekufa au zimejificha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walichapisha jibu mwaka 2011 baada ya kuwachunguza hamsta, mnyama wa jamii ya panya ambaye naye huzizima.

Waligundua kwamba limfosaiti hazifi. Zinabaki ndani ya tezi za limfu, zile tezi ambazo mtu akiwa na kidonda mguuni huvimba kwenye kinena na tukaziita mitoki. Ili limfosaiti itoke kwenye tezi na kuingia kwenye damu, inafuata kemikali moja iliyomo katika damu, iitwayo kwa kifupi S1P. Kemikali hii hutolewa kwa wingi na chembe nyekundu. Mwili ukipoa, chembe nyekundu hushindwa kuitoa. Kiasi chake katika damu kinashuka, na limfosaiti zinakosa wito wa kutoka. Mwili ukipata joto, chembe nyekundu zinaanza tena kuitoa, na limfosaiti zinarudi kwenye damu bila kuchelewa.

Watafiti hao pia walipoza miili ya panya wa kawaida, ambao hawazizimi, wakiwa wamelazwa kwa dawa. Hata kwao limfosaiti zilipungua kwenye damu. Maana yake, ubaridi wenyewe wa mwili ndio unaoongoza jambo hili, hata kwa mnyama ambaye hakuumbwa kuzizima.

Nutrofili zina njia yao. Mwili ukipoa, zinajibanza kwenye kuta za mishipa ya damu badala ya kuelea na damu. Joto likirudi, zinajibandua na kuendelea na safari. Ni kama bodaboda wakati wa mvua kubwa: wameegesha chini ya mabaraza, hakuna aliyeuza pikipiki yake, na mvua ikikatika barabara inajaa tena.

Faida ya kuzima kinga

Kwa nini mwili ujiweke wazi namna hiyo? Sababu ya kwanza ni nguvu. Kinga ya mwili inakula. Homa, uvimbe na kutengeneza kingamwili vyote vinahitaji chakula, na popo aliyezizima anaishi kwa akiba.

Sababu ya pili ni kwamba vijidudu vingi navyo hupoa. Bakteria na virusi vilivyozoea mwili wa nyuzi 37 huzaliana polepole sana kwenye nyuzi 5. Kwa hiyo askari na adui wote wamelala, na kwa kawaida mnyama hapati hasara kubwa.

Bado kuna jambo la kushangaza. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio la kuwadunga kindi wa ardhini, wanyama wengine wanaozizima, sehemu za ganda la bakteria ambazo kwa kawaida huleta homa. Walipodungwa wakiwa wamezizima, hakuna kilichotokea. Homa ilikuja walipoamka, na wakakaa macho muda mrefu kuliko kawaida. Mwili ulikuwa umepokea taarifa ya hatari, ukashindwa kuijibu mpaka ulipopata joto. Kutokana na hilo watafiti wengine wanaona kwamba huenda moja ya kazi za kuamka mara kwa mara ni ukaguzi: kinga inawashwa kwa saa chache, inazunguka mwili mzima, kisha inazimwa.

Adui anayependa baridi

Mpango huu ulifanya kazi vizuri mpaka alipokuja adui asiyepoa. Mwezi Februari 2006, katika pango moja la jimbo la New York, Marekani, walipigwa picha popo wenye unga mweupe puani. Majira yaliyofuata, popo wengi walikutwa wamekufa katika mapango ya eneo hilo. Wengine walionekana wakiruka mchana katikati ya theluji, jambo ambalo popo hafanyi. Ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa pua nyeupe.

Kisababishi chake ni kuvu aitwaye Pseudogymnoascus destructans. Kuvu huyu hustawi vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 16 hivi, anaweza kukua hata kwenye baridi zaidi, na hakui kabisa joto likipita nyuzi 20. Ndiyo maana hawezi kuishi ndani ya mwili wa mtu, wala wa popo aliye macho. Lakini popo aliyezizima ana ngozi baridi na kinga iliyolala, na kwa kuvu huyu hapo ni shamba tayari.

Kuvu hula ngozi ya mabawa, pua na masikio. Mabawa ya popo ni ngozi nyembamba na pana yenye kazi nyingi, pamoja na kulinda maji na chumvi za mwili. Yakitobolewa, popo anapoteza maji, anasumbuka, anaamka. Popo wagonjwa huamka mara nyingi zaidi kuliko wazima. Kila wakiamka wanachoma mafuta, na akiba inaisha kabla wadudu hawajarudi.

Hadi mwaka 2012 serikali ya Marekani ilikadiria kuwa zaidi ya popo milioni tano na nusu walikuwa wamekufa. Aina tatu, pamoja na popo mdogo wa kahawia, zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika maeneo yaliyoathirika. Popo huambukizana kwa kugusana, na kuvu pia hubaki kwenye kuta na udongo wa pango. Viatu na nguo za watu wanaotembelea mapango vinaweza kumhamisha, na kwa sababu hiyo mapango mengi yalifungwa.

Watafiti walipochunguza mabawa ya popo wagonjwa waliozizima, waliona kuvu ameingia ndani ya ngozi lakini karibu hakuna nutrofili wala limfosaiti zilizofika kumzuia. Baadhi ya ishara za kuita msaada zilikuwa zimewashwa kwenye ngozi. Wito umetolewa, ila wa kuitika wamebanwa na baridi. Baadhi ya popo walikuwa hata na kingamwili dhidi ya kuvu huyu katika damu, na bado hazikutosha kuwakinga.

Walionusurika nao wana shida yao

Popo akifika majira ya kuchipua akiwa hai, mwili unapata joto na chembe nyeupe zinarudi kwa wingi. Zinakuta kuvu ametapakaa kwenye mabawa, na zinashambulia kwa nguvu zote. Matokeo yake ni uvimbe mkali unaoharibu mabawa hata zaidi. Popo wengine hufa wakati huo, wakiwa tayari wameondoka pangoni na kuvu hawezi tena kukua.

Mwaka 2012 wanasayansi wa Marekani walifananisha hali hii na jambo linalojulikana kwa watu wanaoishi na VVU. Mtu aliyeanza dawa za ARV akiwa na kinga ya chini sana anaweza, wiki chache baadaye, kuugua kwa ghafla. Kinga inaporudi, inakuta ugonjwa uliokuwa umejificha, kwa mfano kifua kikuu, na inaushambulia kwa fujo. Hali hiyo inatibika. Kama wewe au ndugu yako mmeanza ARV na mkajisikia vibaya, msiache dawa. Rudini kliniki mkaeleze dalili.

Kwa nini popo wa Ulaya hawafi?

Kuvu huyu yuko pia Ulaya na Asia, na ushahidi unaonyesha alikuwepo huko muda mrefu kabla hajafika Amerika. Popo wa Ulaya huonekana na unga mweupe uleule puani, lakini hawafi kwa maelfu. Uchunguzi wa popo aina ya Myotis myotis unaelekeza kwamba wao humvumilia: hawaamki kila mara kupigana, bali hulinda mafuta yao mpaka joto lije na limmalize kuvu lenyewe. Kuna nyakati ambapo kupigana kunagharimu kuliko ugonjwa.

Huko Amerika nako baadhi ya makundi madogo yaliyobaki yameanza kutulia. Katika baadhi ya maeneo watafiti wamekuta popo wanaoingia msimu wa baridi wakiwa wanene kuliko walivyokuwa wenzao zamani. Mwenye akiba kubwa anaweza kuamka mara nyingi zaidi na bado afike mwisho wa msimu.

Virusi navyo husubiri

Kinga ikilala na virusi navyo vikilala, hakuna anayemshinda mwenzake. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada waliripoti kwamba popo wadogo wa kahawia waliendelea kubeba virusi vya korona vya popo kwa miezi minne ya kuzizima bila kuonekana wagonjwa. Waliougua pia pua nyeupe walikuwa na virusi hivyo kwa wingi zaidi.

Kichaa cha mbwa, ambacho popo wa Amerika nao hubeba, huenda polepole sana ndani ya popo aliyezizima. Popo aliyeambukizwa kabla ya baridi anaweza kuamka miezi kadhaa baadaye akiwa bado hai, na virusi vikaendelea na safari vilipoachia. Watafiti waliofanya kazi jimbo la Colorado wanaona hii ni njia mojawapo inayofanya ugonjwa huo usiishe katika makundi ya popo.

Popo wakifa, watu nao wanaumia

Popo mla wadudu anakula wadudu usiku kucha, wakiwemo wanaoharibu mazao. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Eyal Frank wa Chuo Kikuu cha Chicago. Alilinganisha wilaya za Marekani zilizofikiwa na ugonjwa wa pua nyeupe na zile ambazo hazijafikiwa. Palipopoteza popo, wakulima waliongeza dawa za kuua wadudu kwa karibu asilimia 31. Katika wilaya hizo hizo, vifo vya watoto wachanga visivyotokana na ajali au mauaji viliongezeka kwa karibu asilimia 8.

Mkulima wa Nakivale au wa Kagera hana ugonjwa wa pua nyeupe shambani kwake. Lakini bei ya dawa ya kupulizia anaijua, na madhara ya kuipulizia bila kinga anayajua pia.

Popo wa kwetu

Afrika Mashariki haina miezi ya theluji. Baadhi ya popo wetu wadogo wanaweza kupoza mwili kwa saa kadhaa wakati wa ubaridi au uhaba wa chakula, lakini hawajifungii pangoni nusu mwaka. Hamsta wadogo waliochunguzwa na watafiti wa Groningen walipunguza limfosaiti hata mwili ulipopoa hadi nyuzi 25 tu kwa siku. Kwa hiyo si lazima mwili ukaribie kuganda ndipo kinga ibadilike.

Upande wa pili wa kipimo pia ni muhimu. Popo anaporuka, joto lake hupanda kupita nyuzi 40. Mwaka 2014 watafiti walipendekeza kwamba kuruka kila usiku ni kama kupata homa kila usiku, na huenda hilo limewasaidia popo kuishi na virusi bila kuugua. Hilo bado ni wazo linalojadiliwa.

Anayetuhusu zaidi ni popo wa matunda wa mapangoni, Rousettus aegyptiacus, anayebeba virusi vya Marburg bila kuonekana mgonjwa. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg. Ukanda huo huo una makazi ya Rwamwanja, Kyaka II na Nakivale. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kutembelea pango la popo katika msitu wa Maramagambo. Mkoa wa Kagera, Tanzania, ulipata milipuko mwaka 2023 na 2025. Rwanda ilipata mlipuko mwaka 2024, na uchunguzi ulihusisha mgonjwa wa kwanza na pango la machimbo lenye popo.

Baada ya wagonjwa wa Kitaka, popo wa mgodi ule waliuawa na kuondolewa kwa maelfu. Watu waliamini hatari imekwisha. Baada ya muda popo wengine walihamia humo. Watafiti walipowapima mwaka 2012 walikuta zaidi ya asilimia 13 wana virusi, wakati kabla ya mauaji ilikuwa asilimia 5 hivi. Mwaka huo huo mlipuko mwingine wa Marburg ulizuka Ibanda, si mbali na mgodi huo, na ulikuwa mkubwa kuliko ule wa 2007. Huenda popo wageni ambao hawajawahi kuambukizwa waliwapa virusi mahali papya pa kuenea.

Na mwili wa binadamu?

Binadamu hazizimi. Joto letu la kawaida ni karibu nyuzi 36.5 hadi 37.5. Homa ni njia ya mwili kuisaidia kinga, na pia ni ishara kwamba kuna ugonjwa unaohitaji kutafutwa. Mwili ukipoa, kinga yetu inadhoofika. Madaktari wanalijua hili hospitalini: wagonjwa wanaopozwa kwa makusudi ili kulinda ubongo baada ya moyo kusimama huangaliwa kwa makini, kwa sababu nimonia huwapata kwa urahisi.

Anayepoa haraka kuliko wote ni mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, joto chini ya nyuzi 35.5 ni dalili ya hatari sawa na joto la nyuzi 38 au zaidi. Mtoto mchanga mwenye maambukizi makali wakati mwingine hapati homa kabisa. Anapoa, analegea, anaacha kunyonya. Wazazi wengi hungoja homa ndipo waende kituoni. Usingoje.

Unachoweza kufanya

Kuhusu popo:
- Usishike popo kwa mikono mitupu, awe hai au amekufa. Wafundishe watoto vivyo hivyo.
- Usiingie kwenye mapango au mashimo ya migodi yenye popo. Kama kazi inakulazimisha, vaa glavu, barakoa, viatu vilivyofunika mguu na nguo ndefu.
- Usile tunda lililoumwa na popo. Osha na menya matunda yaliyookotwa chini ya mti.
- Kuwinda na kuchinja popo ndiko kunakokuweka karibu na damu na mate yake. Epuka kazi hiyo.
- Usiwachome wala kuwafukiza moshi. Kama wako kwenye dari la nyumba au darasa, toa taarifa kwa kiongozi wa kijiji au zoni ili watafutwe wataalamu wa wanyamapori. Matundu huzibwa popo wakiwa wametoka, na wakati ambao hakuna watoto wao ndani.

Ukiumwa au kukwaruzwa na popo:
- Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15.
- Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Ukipata homa kali ya ghafla, maumivu makali ya kichwa na misuli, kutapika au kuhara ndani ya siku 21 baada ya kuingia pangoni au kumgusa popo:
- Kaa mbali na wengine na umpigie simu mhudumu wa afya wa kijiji au kituo cha afya kabla ya kusafiri.
- Mweleze wazi kwamba uliingia pangoni au uligusa popo. Anakuuliza ili akusaidie. Si kosa la kukamatwa.

Kuhusu mtoto mchanga:
- Mkaushe mara anapozaliwa, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja na kichwa, mnyonyeshe mapema.
- Mtoto njiti alelewe kwa njia ya kangaroo. Muulize mkunga akuonyeshe.
- Akipoa mikono, miguu na tumbo, au akiacha kunyonya, mpeleke kituoni akiwa amefungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, njia nzima.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, ugonjwa wa pua nyeupe unaweza kutufikia sisi watu?
Hapana. Kuvu wake hakui kwenye joto la mwili wa binadamu, mbuzi, ng'ombe au kuku.

Popo aliyelala akiwa baridi ni salama kumshika?
Hapana. Virusi vinaweza kuwemo hata kama mnyama hatembei, na popo aliyeshtuliwa anaweza kuamka na kuuma.

Kama kinga ya popo inavumilia virusi, je, damu au nyama yake ni dawa?
Hapana. Uwezo huo uko ndani ya mwili wa popo anayeishi, na hauhamii kwa anayemla. Kinachoweza kuhama ni virusi.

Je, popo wote wa kwetu wana Marburg?
Hapana. Virusi hivyo vimepatikana hasa kwa popo wa matunda wa mapangoni, na hata kwao wengi hawana virusi wakati wowote ule. Kwa kumtazama tu huwezi kujua yupi anavyo, kwa hiyo kanuni ni moja kwa wote: waache walipo, na wewe usiwaguse.